CHESTER CARLSON, MVUMBUZI WA MASHINE YA KUNAKILI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika ofisi nyingi za siku hizi, zikiwemo ofisi za shule, liko jambo ambalo watu hawalistaajabii tena. Karani huandika barua katika kompyuta yake, mhasibu huandaa hesabu katika chumba cha pili, na mwalimu wa taaluma hutunga mtihani katika chumba cha tatu. Kisha karatasi zao zote hutoka katika printa moja, na mafaili yao yote hukaa katika kompyuta moja iitwayo seva. Hapana mtu anayekimbia na karatasi mkononi kutoka mlango huu hadi mlango ule. Mambo haya ni kazi ya watu wengi, lakini ukiufuata mzizi wa ile printa utafika kwa mtu mmoja aliyefariki zamani, Chester Carlson wa Marekani. Nimeona yafaa kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu maisha yake, kwani alikuwa mtoto wa maskini, na kazi yake ya kwanza ya uandishi ilikuwa gazeti la watoto wenzake.

UTOTO WAKE

Chester Floyd Carlson alizaliwa tarehe 8 Februari, 1906, katika mji wa Seattle, ulioko magharibi ya Marekani. Baba yake, Olof, alikuwa kinyozi, na mama yake aliitwa Ellen. Chester alikuwa mtoto wao wa pekee. Alipokuwa bado mdogo baba yake alishikwa na kifua kikuu, na tena ugonjwa wa viungo ukamkaza mgongo, hata ikawa vigumu kwake kufanya kazi yake ya kinyozi. Jamaa hii ikawa inahama huku na huku kutafuta hewa nzuri na maisha nafuu. Mwaka wa 1910 walikwenda Mexico kwa matumaini ya kupata ardhi, lakini huko mama akapata malaria, na baada ya miezi michache wakarudi Marekani wakiwa maskini kuliko walivyoondoka. Mwishowe walikaa katika jimbo la California.

Chester alianza kufanya kazi za malipo akiwa na umri wa miaka 8. Alipofika miaka 13 alikuwa akifanya kazi saa mbili au tatu kabla ya kwenda shule, na masomo yakiisha hurudi kazini tena. Alisafisha madirisha ya maduka na kufagia ofisi za watu. Alipokuwa katika shule ya sekondari, yeye ndiye aliyekuwa tegemeo kubwa la nyumba, maana wazazi wake wote wawili walikuwa wagonjwa.

Hata hivyo mtoto huyu alikuwa na jambo lililompendeza kuliko michezo, nalo lilikuwa kuweka maneno juu ya karatasi. Alikuwa na seti ya mihuri ya mpira ya kuchapia herufi, na aliipenda mno. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1916 shangazi yake alimpa taipureta ya kuchezea. Mtoto alishukuru, lakini moyoni alisikitika kidogo, kwa sababu alitaka taipureta ya kweli kama zile za ofisini.

Alipokuwa na umri wa miaka 10 alitunga gazeti lake mwenyewe, akaliita This and That, yaani Hili na Lile. Gazeti hilo aliliandika kwa mkono, nalo lilikuwa na orodha ya majina ya rafiki zake. Wa kwanza akimaliza kusoma humpa wa pili, na wa pili humpa wa tatu. Wasomaji wayakumbuke haya, kwa sababu shida ya watu wengi kuitaka karatasi moja kwa wakati mmoja ndiyo shida aliyoishughulikia mpaka uzee wake.

Baadaye alipata kazi ya kumsaidia mpiga chapa mmoja wa mtaani, na kutoka kwake akapata mashine kuukuu ya kupigia chapa. Akajaribu kutoa gazeti la vijana wapendao kemia. Hapo ndipo alipojua taabu ya kazi ile. Ilimpasa kupanga herufi za chuma moja moja, mstari baada ya mstari. Gazeti halikuendelea sana, lakini fikira ilikwisha ingia kichwani mwake kwamba lazima iwepo njia nyepesi zaidi.

Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Chester akiwa na umri wa miaka 17, ambao ndio umri wa wengi wetu tulio Kidato cha Nne. Akabaki na baba mgonjwa wa kumtunza.

KUSOMA NA KUTAFUTA KAZI

Watu wengine wangaliona kwamba masomo yamekwisha. Chester hakuona hivyo. Alijiunga na chuo kidogo katika mji wa Riverside, ambako mwanafunzi aliruhusiwa kusoma majuma sita na kufanya kazi ya mshahara majuma sita mengine, akibadilishana hivyo mwaka mzima. Alipanga chumba kimoja, akakaa humo na baba yake. Kutoka hapo aliingia chuo kikuu cha sayansi kiitwacho Caltech, katika mji wa Pasadena, na mwaka wa 1930 akapata shahada ya fizikia. Wakati anatoka chuoni alikuwa na deni la zaidi ya dola 1,000.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka mwaka wa 1929, viwanda vilikuwa vikifungwa, na watu waliosoma walitembea barabarani bila kazi. Chester aliandika barua za kuomba kazi kwa makampuni 82. Hakuna hata moja iliyompa kazi kwa barua zile. Mwishowe alipata nafasi katika maabara za Bell Telephone mjini New York, kwa mshahara wa dola 35 kwa juma. Huko alihamia idara ya hataza, yaani idara inayoshughulika na vyeti vya kulinda haki za wavumbuzi. Mwaka wa 1933 aliipoteza kazi hiyo. Baada ya kuhangaika akapata nyingine, na mwaka wa 1934 akaajiriwa na kampuni ya umeme ya P. R. Mallory, katika kazi ile ile ya hataza.

Mwaka wa 1934 alioa pia. Mke wake aliitwa Elsa. Na kwa kuwa aliona kwamba mtu wa hataza asiyejua sheria hawezi kupanda cheo, alianza kusoma sheria usiku katika New York Law School, huku mchana akifanya kazi.

Kila ombi la hataza lilitakiwa nakala kadhaa za maelezo na michoro. Maelezo yalipigwa taipu kwa karatasi za kaboni, na nakala zikipungua ilibidi kuanza upya na kusoma neno kwa neno ili kosa lisiingie. Michoro ilipelekwa kupigwa picha nje ya ofisi, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa. Usiku nako, kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua vitabu vya sheria, alikaa katika maktaba ya mji akinakili kurasa kwa mkono. Macho yake hayakuwa yakiona mbali. Tena ugonjwa wa viungo uliomwangusha baba yake ulikuwa umeanza kumshika yeye mgongoni, na kuinama kuandika kulimtia maumivu. Mtu aliyechoka namna hii anayo haki ya kulalamika. Yeye alikaa akafikiri.

JIKO LAKE NA CHUMBA CHA ASTORIA

Carlson hakuanza kwa kujaribu ovyo. Alianza kwa kusoma. Miezi mingi alikuwa akienda katika Maktaba ya Umma ya New York kusoma kila kitabu kilichohusu mwanga, umeme na picha. Aliona kwamba makampuni makubwa yalikuwa yakifanya utafiti wa kunakili kwa madawa na maji, kama wapiga picha wafanyavyo. Akaamua kutoshindana nao katika njia hiyo. Yeye akatafuta njia kavu. Alisoma kazi za Pál Selényi, mtaalamu wa fizikia wa Hungary, akapata nuru.

Ni vizuri kuieleza fikira yake kwa ufupi, maana ndiyo inayofanya kazi ndani ya mashine za kunakili na printa za leza hata leo. Ukisugua kalamu ya plastiki katika nywele zako, itavuta vipande vidogo vya karatasi, kwa sababu imepata umeme tuli. Tena viko vitu ambavyo gizani huushika umeme huo, lakini vikipigwa na mwanga huuachia. Basi chukua bamba lililopakwa kitu cha namna hiyo, ulitie umeme, kisha uliangazie kupitia karatasi yenye maandishi. Palipopigwa na mwanga umeme utatoka, na palipokingwa na herufi umeme utabaki. Ukinyunyiza unga mkavu juu yake, unga utanata kwenye herufi tu. Ukiweka karatasi juu ya bamba, unga utahamia kwenye karatasi. Ukiipasha moto, unga utayeyuka na kushikamana nayo. Hapo umepata nakala, wala hukutumia tone la wino.

Mwezi wa Oktoba, 1937, Carlson alipeleka ombi lake la kwanza la hataza. Lakini kusema si kutenda. Alifanya majaribio jikoni mwa nyumba yake, akiyeyusha salfa juu ya jiko ili aipake kwenye mabamba ya zinki. Salfa ilitoa harufu ya mayai yaliyooza, mara nyingine ikashika moto, na majirani wakalalamika. Mwishowe alipanga chumba kidogo katika mtaa wa Astoria, New York, na kwa fedha zake chache akamwajiri msaidizi, Otto Kornei, mhandisi kutoka Austria aliyekuwa amekimbilia Marekani.

Tarehe 22 Oktoba, 1938, Kornei alichukua kipande cha kioo akaandika juu yake kwa wino mweusi tarehe ya siku ile na jina la Astoria. Walifunga pazia la dirisha ili chumba kiwe na giza. Wakalisugua bamba lenye salfa kwa kitambaa cha pamba ili kulitia umeme, wakaweka kioo juu yake, wakaliangazia kwa taa kwa sekunde chache. Kisha wakanyunyiza unga laini wa mmea na kuupuliza taratibu. Yakabaki yale maandishi, yakisomeka wazi. Wakayahamisha kwenye karatasi yenye nta, wakaipasha moto. Carlson aliinua ile karatasi akaitazama kwa muda mrefu, halafu wakaenda kula chakula cha mchana. Hiyo ndiyo sherehe yote iliyofanywa.

MLANGO BAADA YA MLANGO

Mtu angedhani kwamba baada ya siku ile utajiri ulikuja mbio, lakini haikuwa hivyo. Kornei aliona kwamba jambo lile halina faida, akaomba mkataba wao uvunjwe, akaondoka. Toka mwaka wa 1939 hadi 1944 Carlson alitembelea na kuandikia makampuni zaidi ya 20. Baadhi ya hayo yalikuwa makubwa na maarufu duniani. Yote yalimkataa. Wengine walitazama mashine yake ndogo wakasema ni kitu cha kuchezea, na wengine hawakuona kwa nini mtu alipe fedha kwa mashine ilhali karatasi ya kaboni ilikuwa rahisi. Mwaka wa 1942 alipewa hataza yake, lakini cheti pekee hakishibishi mtu.

Miaka hiyo ilimgharimu mengi. Fedha zake ziliingia katika majaribio. Nyumbani hapakuwa na raha, na mwaka wa 1945 ndoa yake na Elsa ilivunjika. Si vyema kulificha jambo hili, kwa sababu wasomaji wa maisha ya watu wakuu mara nyingi huonyeshwa ushindi bila kuonyeshwa bei yake. Mwaka wa 1946 alioa tena, na mke wake huyu wa pili, Dorris, aliishi naye mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka wa 1944 mambo yalianza kugeuka. Mtafiti mmoja wa Taasisi ya Battelle, iliyoko Columbus, Ohio, alifika katika ofisi za Mallory kwa shughuli nyingine. Carlson akamweleza habari za uvumbuzi wake. Taasisi ile ikakubali kuuendeleza. Watafiti wake wakagundua kwamba madini ya seleniamu hufanya kazi vizuri sana kuliko salfa, na wakatengeneza unga bora zaidi. Kisha ikapatikana kampuni ndogo iitwayo Haloid, katika mji wa Rochester, iliyokuwa ikitengeneza karatasi za picha. Mkuu wake, Joseph Wilson, alikuwa akitafuta bidhaa mpya, akakubali kujaribu.

Walihitaji jina la kazi hii, na wakatumia maneno ya Kigiriki yenye maana ya uandishi mkavu, yaani zerografia. Tarehe 22 Oktoba, 1948, miaka kumi kamili baada ya siku ile ya Astoria, ilionyeshwa kwa watu huko Detroit. Mwaka wa 1949 Haloid ilitoa mashine yake ya kwanza. Kwa kweli ilikuwa ya taabu. Mtu alitakiwa kufuata hatua 39 kwa mikono yake ili apate nakala moja nzuri. Ofisi hazikuitaka kwa kunakili barua, ila ilifaa kwa kutengeneza mabamba ya wapiga chapa, na mapato hayo yakaiwezesha kampuni kuendelea na utafiti.

MASHINE YA 914

Ilipita miaka kumi mingine. Tarehe 16 Septemba, 1959, kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa Haloid Xerox, ilionyesha mashine iitwayo 914 mjini New York. Iliitwa hivyo kwa sababu iliweza kunakili karatasi ya upana wa inchi 9 na urefu wa inchi 14. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300. Walipeleka mashine mbili siku ile, na moja ilishika moto. Lakini ile ya pili ilifanya kazi, na kila aliyeiona alielewa mara moja. Karatasi ya kawaida iliwekwa ndani, kifungo kikabonyezwa, na nakala zikatoka, saba kwa dakika moja.

Wateja walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa. Badala ya kuiuza kwa bei kubwa, kampuni iliikodisha kwa dola 95 kwa mwezi, na mwenye kukodi akapewa nakala 2,000 za kwanza bila malipo ya ziada. Hata ofisi isiyo na fedha nyingi ikaweza kuipata. Mwaka wa 1961 kampuni ikajiita Xerox. Toka siku ile ya Astoria ilikuwa imepita miaka 21 mpaka mashine ya kufaa kupatikana.

Wazazi wetu na walimu wetu wakubwa wanakumbuka mambo yalivyokuwa katika shule kabla ya mashine hizi kuenea. Mitihani ilikatwa kwenye stensili, wino ukachafua mikono, na kosa moja la taipu likaonekana kwenye karatasi za darasa zima. Wao wanaweza kupima ukubwa wa kazi aliyoifanya mtu huyu kuliko sisi tuliozaliwa tukaikuta tayari.

KUTOKA NAKALA HADI SEVA

Kazi ya Carlson ilizaa nyingine. Mwaka wa 1969 mhandisi wa Xerox, Gary Starkweather, aliwaza kwamba badala ya kuangazia bamba kupitia karatasi iliyoandikwa, mwale wa leza ungeweza kuchora maandishi juu yake moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Mwaka wa 1971 alihamia kituo cha utafiti cha kampuni hiyo huko Palo Alto, California, akatengeneza printa ya leza. Unga, umeme tuli na moto ni vile vile vya Astoria, ila mwanga ndio uliobadilika.

Printa hizo zilikuwa kubwa na za bei kali, hata haikuwezekana kumpa kila mtu ya kwake. Basi ilibidi watu wengi watumie moja. Mwaka wa 1973, katika kituo kile kile, Robert Metcalfe na David Boggs walianza kutengeneza mtandao wa waya uitwao Ethernet, wa kuunganisha kompyuta na printa. Kutoka humo ikaenea desturi ya ofisi kuwa na seva. Mwaka wa 1983 kampuni ya Novell ilitoa programu ya NetWare, iliyowezesha kompyuta ndogo za ofisi kushirikiana mafaili na printa. Mwaka wa 1992 Andrew Tridgell wa Australia alitoa programu ambayo baadaye iliitwa Samba. Hii hupatikana bure, na kwa msaada wake hata kompyuta ya zamani yaweza kufanywa seva ya ofisi ndogo au ya shule.

Namna ifanyavyo kazi si ngumu kuelewa. Seva huunganishwa na kompyuta nyingine kwa waya, nayo hupewa anwani isiyobadilika katika mtandao, ili wengine waijue mahali ilipo siku zote. Ndani yake huwekwa makabati ya mafaili. Kila mtumishi hupewa jina na neno lake la siri, na seva hujua nani anaruhusiwa kufungua kabati gani. Hesabu za ada huonwa na mhasibu na mkuu wa shule tu, na mitihani huonwa na mwalimu wa taaluma na watungaji wake. Watu watatu wakituma karatasi kwa printa katika dakika moja, seva huzipanga foleni na kuzipitisha moja moja, kama watu wanaochota maji kwenye bomba moja. Lakini yataka uangalifu. Kwa kuwa mafaili yote yako pamoja, seva ikiharibika wote hupata hasara, basi hapana budi kuweka nakala ya akiba mahali pengine kila siku, na kuikinga seva na kukatika kwa umeme.

Tukilitazama jambo hili vizuri, tunaliona tena lile gazeti la Hili na Lile. Mtoto wa miaka 10 alikuwa na waraka mmoja na orodha ya rafiki. Seva nayo ni waraka mmoja na orodha ya majina, ila sasa hakuna anayengojea mwenzake amalize.

MALI YAKE NA KIFO CHAKE

Carlson alikuwa tajiri sana katika miaka yake ya mwisho. Mali yake ilifikia kiasi cha dola milioni 150. Lakini aliendelea kuishi kwa utulivu karibu na Rochester, bila majivuno, wala hakupenda kusifiwa hadharani. Kornei, ambaye mkataba wake ulikuwa umevunjwa kwa ombi lake mwenyewe, hakuwa na haki yoyote ya kudai. Hata hivyo Carlson alimpa hisa 100 za kampuni kwa kumkumbuka.

Mali iliyobaki aliigawa pia. Kabla ya kufa alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 100 kwa vyuo, kwa utafiti, kwa vyama vilivyopigania haki za raia nchini mwake na kwa juhudi za kuleta amani duniani. Mara nyingi alitoa kwa masharti kwamba jina lake lisitajwe. Nia yake ilikuwa kufa bila mali.

Tarehe 19 Septemba, 1968, akiwa New York, aliingia katika jumba la sinema kutazama picha wakati akiwa na nafasi. Humo humo moyo wake ukasimama, akafariki kimya akiwa amekaa kwenye kiti. Alikuwa na umri wa miaka 62. Mwaka wa 1981 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani, na mwaka wa 1988 serikali ya nchi yake ilitoa stempu ya posta yenye sura yake.

MAFUNZO

Wanafunzi wenzangu, katika maisha ya mtu huyu nimeona mambo matatu ya kuyashika. La kwanza, umaskini wa nyumbani haukumzuia kusoma, lakini pia haukumwacha bila kovu. Tusiwacheke wenzetu wanaochelewa kwa sababu ya kazi za nyumbani au ugonjwa wa wazazi. La pili, hakungoja kupata maabara nzuri. Alianza maktaba na jikoni, akitumia alichokuwa nacho. La tatu ni kwamba alikataliwa na makampuni 82 alipoomba kazi, na zaidi ya 20 alipouza uvumbuzi wake, wala hakujifunza uchungu kutokana na hayo. Mtu aliyenyimwa mara nyingi namna ile angeweza kuwa mchoyo alipopata. Yeye akawa mpaji.

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Carlson alivumilia miaka 21, na mbivu zilipoiva akawaita wengine waje wale pamoja naye.